Mkono Umepima, Wewe Chemsha

Mkaguzi alipokuja karakanani kwetu nilikuwa nimeshamchukia kabla hajashuka kwenye gari. Sikumjua hata kwa sura. Nilijua tu ofisi aliyotoka, ile ya viwango, na kwangu hiyo ilitosha. Kaka yangu alikuwa ametunywesha chuki hiyo kila asubuhi pamoja na chai, mpaka mafundi wote sita tukisikia neno "serikali" tunageuka kuangalia mlango.

Sisi tunatengeneza mabirika ya umeme. Yale ya chuma kisichoshika kutu: unajaza maji, unachomeka, baada ya dakika nne yanatokota. Bati tunakata wenyewe, koili tunaagiza, waya tunafunga kwa mikono. Ubavuni mwa kila birika kuna kibandiko chekundu chenye picha ya kiganja, na chini yake namba ya simu ya kaka. Watu hawana jina lingine la birika hilo. Wakifika dukani wanasema, "Nipe Mkono."

Mkono wenyewe ni wangu. Nilikipaka kiganja rangi nikakigandamiza kwenye karatasi, mchoraji akanakili, kwa sababu mpimaji nilikuwa mimi. Birika likishafungwa lililetwa mezani kwangu. Nalijaza maji, nalichomeka, halafu napitisha mgongo wa mkono ubavuni mwake, taratibu. Umeme ukivuja, bati linakutekenya. Aliyetufundisha kazi alipima hivyo, na aliyemfundisha yeye pia. Ni mgongo wa mkono, si kiganja, maana kiganja kikishika umeme kinafumba na hakiachii tena. Niliringia mkono huo kuliko wenzangu wanavyoringia nywele zao. Hata sauti ya tangazo la redio ilikuwa yangu: "Mkono umepima, wewe chemsha!"

Na kaka alikuwa na hoja, nisimnyime haki yake. "Afisa akikosea anahamishwa," alikuwa akisema. "Mimi nikikosea nafilisika. Sasa hapo nani ana sababu ya kuwa mwangalifu?" Kisha anamalizia na msemo wake: "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mteja hana muhuri, ana miguu. Ukimuudhi, haji tena." Nilimwamini kabisa. Hata leo ukiniletea hoja hiyo mezani bila kuniletea na birika, nitakubali nusu yake.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mwembamba, wa makamo, amebeba kisanduku cha njano chenye nyaya mbili. Mafundi walimbandika jina kabla hajafika mezani: Bi Kipimo. Hakutabasamu na hakukubali kiti.

"Tumepata taarifa ya hospitali," alisema. "Msusi wa mtaa wa soko amerushwa na birika lenu. Bega limeteguka."

"Alikuwa amesimama kwenye maji!" kaka akadakia. "Msusi yule sakafu yake haikauki. Hata kijiko kingemrusha."

"Kijiko hakichomekwi ukutani."

Mafundi wawili walicheka, kaka akawaangalia, wakaacha. Bi Kipimo akaomba mabirika matano, akayachagua mwenyewe, tena ya chini kabisa ya rundo. Akayajaza, akayachomeka, akagusisha waya mmoja wa kisanduku chake kwenye bati na mwingine kwenye bomba la maji. La kwanza, akaandika. La pili, akaandika. Alipofika la tano alifunga daftari.

"Matatu yanavuja," alisema. "Na hakuna hata moja lenye waya wa tatu, ule wa ardhini, wa kuupeleka chini umeme unaovuja. Mwaka jana mlipopewa kibali yalikuwa nao."

Hapo damu ikanipanda. Kibali hicho nilikifahamu vizuri. Ofisi yao ilikuwa imemwambia kaka apeleke mabirika matatu ya majaribio, ayapeleke yeye mwenyewe, na kaka aliyatengeneza wiki nzima, akayang'arisha kama anayepeleka posa. Wakayapima hayo matatu, wakagonga muhuri, basi. Mwezi uliofuata kaka akauondoa waya wa tatu. "Nyumba ngapi mjini humu zina ardhini?" alituuliza. "Kwa nini nimuuzie mtu waya usiokwenda popote?" Hakuna aliyembishia. Nami sikumbishia.

"Nyie mlipima matatu yaliyoletwa na mwenye mali," nikamwambia Bi Kipimo. "Mimi nimepima yote. Kila moja, kwa mkono huu. Leo unakuja na kidude cha njano kutuharibia jina? Hicho kidude ni kibovu."

"Dada, yanavuja kiasi cha..."

"Sitaki kiasi. Angalia." Nikalichukua moja kati ya yale aliyosema yanavuja, likiwa limechomekwa, nikapitisha mgongo wa mkono ubavuni. Kimya. Nikapitisha tena, nikimtazama usoni. "Unaona? Limetulia kama mtoto aliyeshiba."

Yeye hakuangalia birika. Aliangalia miguu yangu.

"Kwa nini umepanda juu ya hilo jukwaa la mbao?"

Swali la kijinga, niliona. Pale mezani kwangu maji yanamwagika kutwa nzima. Aliyetufundisha alisema fundi wa umeme asimame pakavu, basi wenzangu wakanipigilia jukwaa, na juu yake navaa kandambili za mpira. Nilimweleza hivyo, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu.

"Na wanaonunua," alisema, "nao wana jukwaa?"

Ningeweza kunyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini mimi nina kichwa changu, na mafundi wote walikuwa wanatazama. Nikazitupa kandambili, nikashuka kwenye sakafu yenye maji.

"Usifanye hivyo!" Bi Kipimo alipiga kelele, na kwa mara ya kwanza uso wake ulibadilika.

Nilikuwa nimeshagusa. Sikutekenywa. Nilipigwa. Mkono ulirudi nyuma wenyewe ukagonga rafu, meno yakagongana, nikajikuta nimekaa sakafuni na ladha ya sarafu mdomoni. Kaka alichomoa plagi. Mimi nilikuwa nawaza jambo moja tu: tangu tuuondoe waya ule yameuzwa mabirika elfu sita, na yote nimeyapima nikiwa juu ya mbao.

Nitasema wazi nilivyojisikia, maana watu hupenda kulizungukazunguka hili. Niliona aibu. Haikuwa huzuni, ilikuwa aibu, ile ya mtu aliyevuliwa nguo hadharani, na papo hapo nikamchukia zaidi yule mwanamke kwa sababu alikuwa sahihi.

Alisubiri nikainuka, akauliza kama napumua vizuri, halafu akaendelea na kazi yake. Akafunga mlango wa ghala kwa utepe wenye muhuri na kubandika karatasi ya zuio. Alipokuwa anatia saini nikamfuata.

"Na yaliyouzwa?"

"Naandika ripoti. Makao makuu wataandika barua ya kuyarudisha."

"Lini?"

"Miezi mitatu. Wakiharakisha."

"Watu wanachemsha chai leo, mama! Leo jioni!"

"Najua," alisema. "Tuko wakaguzi watano kwa jiji zima, na gari ni hili moja." Aliyasema hayo kama mtu anayekusomea ratiba ya treni. Akapanda gari lake akaondoka.

Nikabaki na kaka. Aliwapa mafundi ruhusa waende, akafunga mlango, tukaanza kushambuliana kama tulivyokuwa tukishambuliana utotoni, tofauti ni kwamba sasa hakukuwa na mama wa kutuamua.

"Tangaza redioni," nikamwambia. "Leo. Sema watu wasiyatumie, wayarudishe tuwafungie waya."

"Nitangaze kwamba nilikuwa nauza kifo? Nikishasema hivyo kuna atakayerudi kufungiwa waya? Karakana inakufa kesho. Mafundi sita, na wewe ukiwa wa kwanza."

"Kaka, limenirusha. Umeona kwa macho yako."

"Nimeona mtu mzima kashuka pekupeku kwenye maji kwa ubishi wake! Yako nje elfu sita, mdogo wangu. Amelalamika mmoja. Mmoja! Soko limeshasema. Lingekuwa baya watu wangelikimbia, hawahitaji kuambiwa na mwenye kisanduku."

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," nikamwambia. "Ndicho ulichofanya na ule waya."

Alinisogelea mpaka nikasikia pumzi yake. "Na tembo hilo ndilo linalowasomesha wanao. Wakati unalinywa hukuliona lina maji?"

Nilichukua mkoba wangu nikaenda zangu, nikaubamiza mlango, ukajirudi ukabaki wazi.

Jumamosi asubuhi nilikwenda mtaa wa soko. Nilimtafuta yule msusi nimwombe radhi, na nilitaka pia anisaidie. Mtu aliyeumia akisema, watu husikiliza, niliwaza. Tungeenda pamoja redioni, yeye na bega lake, mimi na sauti yangu.

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chembamba, vioo upande huu na beseni za kuoshea nywele upande ule. Sakafu ya vigae ilikuwa na maji ya povu. Alikuwa pekupeku, mkono mmoja ukining'inia kwenye kitambaa, anamwosha mteja kwa mkono uliobaki. Na juu ya stuli kando yake kulikuwa na birika limechomekwa, taa yake inawaka, kibandiko chekundu kipya kabisa.

"Hilo walikubadilishia?" nikauliza. Hata salamu niliisahau.

"Nibadilishiwe na nani? Nimenunua. Lile la kwanza nililiharibu mwenyewe, nadhani nililimwagia maji. Hili nalitunza kama yai."

"Limekutegua bega. Na bado ukanunua Mkono?"

"Sasa ninunue nini, shoga? Yale ya bei chee si ndiyo yanayoua watu?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, waya, mbao, kandambili, jinsi nilivyorushwa. Alisikiliza huku anasuuza, na uso wake ukazidi kufunga kadiri nilivyoendelea.

"Nani amekutuma?" akauliza. "Washindani wao, au serikali?"

"Hakuna aliyenituma. Mimi ndiye mpimaji. Ile sauti ya redioni ni yangu."

"Haya, sema tuisikie."

Nikasema. Mkono umepima, wewe chemsha. Sauti ilinitetemeka. Mteja aliyeinamia beseni akacheka mpaka povu likamwingia mdomoni.

"Mwanangu wa miaka minne anaigiza vizuri kukushinda," msusi akasema. "Toka nje."

Kwenye mkoba nina koleo la kukatia waya siku zote, kama wengine walivyo na kitana. Nilichomoa plagi, nikakata waya wa birika karibu kabisa na kitako, nikautupa chini. Msusi alipiga yowe ambalo lilitoa watu kwenye maduka sita. Mwizi, mharibifu, mwendawazimu, kila mtu alikuja na neno lake. Mwenye genge akanishika mkono, muuza viatu akasimama mlangoni nisitoke. Nikawaambia birika linavuja umeme, wakaniambia ninayevuja ni mimi. Msusi alisoma namba iliyo kwenye kibandiko akampigia kaka.

Kaka alifika haraka, na kigari chetu cha mizigo. Alishuka na tabasamu la dukani. "Ni mdogo wangu," aliwaambia. "Hajisikii vizuri siku hizi. Mtusamehe." Watu wakalegea. Waliniangalia kwa huruma, na huruma hiyo iliniuma kuliko matusi. Halafu akafungua mlango wa nyuma, akatoa birika jipya kwenye boksi, akamkabidhi msusi kwa mikono miwili. "La bure, dada yangu. Pole kwa usumbufu."

"Umelitoa wapi?" nikamnong'oneza. "Ghala limefungwa."

"Mlango ndio uliofungwa," alininong'oneza naye. "Dirisha hakulifunga."

Alikuwa anajivunia! Nilimtazama mtu niliyenyonya naye ziwa moja, kisha nikampa mgongo. Nilitoa simu nikampigia, kwa namba niliyoinakili kwenye karatasi ya zuio, yule niliyemwita kila jina baya. Bi Kipimo alipokea baada ya muda mrefu, na nyuma yake nilisikia televisheni na watoto wakigombana.

"Ameyatoa," nikamwambia. "Yako kwenye gari, anayapeleka madukani sasa hivi. Njoo. Njoo hata na polisi."

"Leo Jumamosi, dada," akasema. "Gari limefungiwa ofisini. Jumatatu saa mbili nitakuwa hapo, nakuahidi."

Nilikata simu kabla sijamtukana. Kaka bado alikuwa anapeana mikono na watu, anasifiwa kwa uungwana wake. Mlango wa nyuma wa gari ulikuwa wazi. Nilipanda nikakaa kati ya maboksi, yalikuwa manne, dazeni moja moja, la kwanza likiwa limepungua lile la msusi. Kaka aliponiona akadhani nimeshindwa.

"Kaa humo humo upoe," akasema, akaubamiza mlango akafunga kwa nje.

Nadhani alisahau kwamba koleo langu lilikuwa bado mkobani. Mwanga uliingia kwa kidirisha cha juu, ulitosha. Nilifungua boksi la kwanza, nikavuta birika, nikakata waya karibu na kitako, pale ambapo hauungiki tena bila kulibomoa lote. Nikarudisha. Nikachukua jingine. Njia ilikuwa na foleni, nikaishukuru foleni kwa mara ya kwanza maishani. Kila gari likifunga breki nilijigonga, natukana, naendelea. Vidole vilianza kuvimba nilipofika boksi la tatu. Sikuwa nalia kwa ajili ya mabirika. Nililia kwa sababu kila moja nililolikata niliikumbuka kazi iliyoingia humo, nani alikunja bati lake, nani alifunga kifuniko, na kwamba Jumatatu nitaziona nyuso zao.

Gari liliposimama nilikuwa nimebakiza moja. Kaka alifungua mlango, pembeni yake amesimama mwenye duka na daftari la mapokezi. Nikakata la mwisho mbele ya macho yao.

Kaka hakupiga kelele. Aliangalia nyaya zilizojaa sakafuni, akaangalia boksi moja, la pili. "Umeniua," akasema, polepole. "Adui yangu asingeweza. Umeweza wewe."

Simu yake ikalia. Aliangalia namba, akaiacha ilie. Ikakatika, ikalia tena. Ilikuwa ni namba iliyompigia kutoka saluni. Niliruka chini nikaipokonya.

"Limemrusha!" msusi alikuwa anapayuka. "Lako jipya limemrusha mteja wangu, yuko chini, ameshikilia mpini, haachii! Mshenzi wewe, wewe na dada yako na..."

"Chomoa!" nikamwambia. "Usimguse yeye, chomoa ukutani! Chomoa kwanza, matusi baadaye!"

Nilisikia kitu kikianguka. Nilisikia watu wengi wakisema kwa pamoja. Halafu kukawa kimya kirefu, na kaka alikuwa ameweka sikio lake karibu na langu, kama tulivyokuwa tukisikiliza redio ya baba. Ndipo tukasikia mwanamke akianza kulia, kwa nguvu, kilio cha mtu mwenye pumzi zake zote. Msusi akarudi simuni. Sasa hakuwa anapayuka. Alisema kiganja cha yule mama kimeungua, kwamba wanampeleka hospitali, na kwamba yeye atakaa pale pale mlangoni kwake kumsubiri huyo muungwana.

Nilimpa kaka simu. Aliisikiliza mpaka mwisho bila kujitetea hata kwa neno moja, na katika maisha yangu yote sijawahi kumwona hivyo. "Nakuja," akasema, akakata.

Mwenye duka alikuwa ameshika birika moja, waya umebaki kama mkia wa panya. "Haya si mabovu?" akauliza.

"Mabovu," kaka akasema. "Yote. Na uliyonayo rafuni usiuze."

"Kaka, ninayo thelathini humo ndani!"

Kaka aliangalia mlango wa duka, akaniangalia mimi, kisha akaninyooshea mkono. "Nipe hilo koleo."

Sikumpa. Pengine siku moja nitampa, lakini siku ile sikumwamini, na mpaka sasa sijui kama nilimkosea. "Wewe nenda hospitali," nikamwambia. "Koleo linabaki na mimi."